Tolti haifundishwi, inatolewa: jinsi ya kumfanyia mazoezi farasi wa Isilandi

Kuna ile vidio watu wanatumiana kila mara, jamaa kapanda farasi mfupi mwenye singa ndefu kama wigi, mkono mmoja umeshika kikombe cha bia kimejaa mpaka ukingoni, farasi anakata upepo na bia haimwagiki hata tone. Kila ikinifikia inakuja na swali lile lile, eti huyo farasi wanamfundishaje kwenda hivo? Nikijibu kwamba hawamfundishi watu wanadhani nawabania siri. Ila ndo ukweli wenyewe. Ule mwendo unaitwa tolti na farasi wa Isilandi anazaliwa nao, unaweza ukamwona mtoto wa siku chache tu anamkimbiza mama yake malishoni kwa tolti safi kabisa na hajawahi kuona tandiko. Kazi ya binadamu ni kumjenga mwili huyo farasi mpaka mwendo aliozaliwa nao aweze kuutoa akiwa na mtu mgongoni, bila kuuharibu. Na wengi tunauharibu, mimi mwenyewe nimeuharibu, nitafika huko.

Nimefanya kazi ya usaisi misimu mitatu kwenye shamba moja Skagafjörður, kaskazini mwa Isilandi. Niliajiriwa kuzoa mavi na kugawa nyasi kavu, nikaishia kupanda farasi sita saba kwa siku kwa sababu msimu wa mazoezi ukianza mikono haitoshi. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni njia ya pale shambani, mashamba mengine wanabadilisha kidogo hapa na pale ila mfupa ni huu huu.

Kwanza zijue gia zake, tena kwa masikio

Farasi wengi duniani wana gia tatu: kutembea, matiti (usicheke, ndo jina lake la Kiswahili, wazee wa pwani waliofuga punda wanalijua, farasi "anakwenda matiti") na shoti. Wa Isilandi anaongeza tolti. Na baadhi yao wanaongeza ya tano, skeidhi, ambayo Waisilandi huiandika skeið na wanaipenda kuliko kitu chochote. Kwa hiyo utasikia farasi wa gia nne na farasi wa gia tano, na hapo hata bei inabadilika.

Mwaka 2012 watafiti wa Uppsala kule Uswidi pamoja na wenzao walitoa matokeo kwamba tofauti hii iko kwenye jeni moja inaitwa DMRT3, ambayo inahusika na neva za uti wa mgongo zinazopanga miguu ifuatane vipi. Farasi aliyerithi badiliko la jeni hiyo kwa baba na kwa mama ndo mara nyingi anakuwa na skeidhi, aliyerithi upande mmoja mara nyingi anabaki wa gia nne lakini matiti yake na shoti yake inakuwa safi zaidi. Nalisema mapema kwa sababu litakuokoa miezi ya kuhangaika: farasi wa gia nne usimkamue skeidhi, haimo.

Sasa masikio. Funga macho, mwambie mtu apite na farasi mbele yako kwenye barabara ngumu, usikilize kwato. Mimi nilijifunza kwa chakula, na mpaka leo nahesabu hivo kichwani.

Matiti ni chai, chai, chai. Miguu miwili inatua pamoja, ya mkingamo, mbele kulia na nyuma kushoto, halafu ile mingine, na katikati farasi yuko hewani kidogo ndo maana unarushwa rushwa kwenye tandiko. Shoti ya taratibu ni chapati, chapati, chapati, mapigo matatu. Kutembea ni kachumbari ya polepole, ka, chu, mba, ri, kila silabi ukwato mmoja. Na tolti ni kachumbari hiyo hiyo ila ya haraka, kachumbarikachumbarikachumbari, silabi zote sawa, usiikazie ile "mba" kama tunavyoongea. Mpangilio ni nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, na siku zote kuna angalau mguu mmoja chini, farasi haruki hewani hata kidogo, ndo siri ya bia kutomwagika.

Skeidhi ni mwendo wa ngamia. Aliyewahi kumwona ngamia wa Marsabit akikimbia ataelewa, miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja kisha ya upande mwingine. Tofauti ni kwamba skeidhi ni ya kasi kweli kweli, farasi wakali wanamaliza mita 100 kwa sekunde saba na kitu wakiwa wameshachanganya tayari, na kati ya hatua na hatua wanapaa. Skeidhi haiendi taratibu. Ukisikia mtu anajisifu farasi wake ana "skeidhi ya polepole" huo ni ugonjwa, tutauongelea.

Usiendelee na hatua zinazofuata kama hujaweza kutofautisha kachumbari iliyo sawa na kachumbari iliyochechemea. Rekodi kwa simu, punguza spidi ya vidio, rudia hata wiki nzima. Mzee mwenye shamba aliniweka kwenye uzio siku kadhaa nikisikiliza tu kwato za wenzangu, nikaona ananipotezea muda, kumbe ndo somo kubwa kuliko yote.

Umri: subiri, halafu subiri tena

Hawa farasi wanakomaa taratibu. Wanaonekana wadogo, wengi wanacheza kwenye sentimita 135 mpaka 145 begani, na mtu akimwona wa miaka miwili mnene anajua yuko tayari. Hayuko tayari. Wanaishi miaka mingi, 25 na kuendelea si ajabu, kwa hiyo hakuna haraka ya kumkalia mtoto. Shambani kwetu waliletwa bandani mara ya kwanza vuli wakiwa na miaka mitatu na nusu, wakafanyiwa wiki tano sita za utangulizi, wakarudishwa malishoni kupumzika, na kazi yenyewe ikaanza baada ya mwaka mpya wakielekea kutimiza miaka minne.

Na kabla ya hapo wanafanya nini? Wanaishi kama farasi. Kiangazi wanapandishwa milimani, wanakanyaga mawe na matope na kuvuka mito wakiwa kundi kubwa, na Septemba watu wanapanda kuwashusha na kuwatenga kila mmoja na zizi la mwenyewe, shughuli inaitwa réttir, ile ya Laufskálarétt pale Skagafjörður ni sherehe ya watu wengi kuliko harusi. Usidharau hii hatua ukafikiri ni ufugaji tu. Mwanafunzi bora wa tolti ni yule aliyekua akijitafutia balansi kwenye ardhi mbovu. Kama uko Ujerumani au kwingine na farasi wako kakulia kwenye kiwanja kimoja cha nyasi sawasawa kama kapeti, tafuta kilima, tafuta mawe, mwachie huko miezi.

Wiki za kwanza, miguu yako chini

Hapa naenda haraka kwa sababu haitofautiani sana na farasi wengine. Hatamu ya kamba kichwani, ajifunze kufuata, kusimama, kurudi nyuma, kuinua kila ukwato. Ajifunze kwamba presha ikija akisogea inaondoka, na iondoke hapo hapo, ukichelewa sekunde mbili umemfundisha kitu kingine. Mzungushe kwa kamba kwenye duara pande zote mbili ila dakika chache tu, duara dogo linaumiza viungo vya kijana na kwa farasi mwenye jeni ya tolti linamkoroga miguu. Kisha hatamu ndefu, unatembea nyuma yake kama unalima na ng'ombe, unamwelekeza kushoto kulia bila uzito wowote mgongoni. Tandiko livae taratibu, mkanda wa tumbo kaza kidogo kidogo. Siku ya kumlalia kwa tumbo, halafu ya kumkalia, mwenzako amshike.

Kuna kitu kimoja cha Kiisilandi hapa ambacho nakipenda na kwingine hawakifanyi sana. Unapanda farasi mzee mwenye akili, na yule kijana unamvuta pembeni kwa kamba, mnakwenda njia ndefu pamoja. Kijana anafuata mwendo wa mzee, anaona magari, madaraja, mto, kondoo, anajifunza kutoogopa, na cha muhimu anajenga pumzi na misuli bila mtu juu yake. Na wewe muda wote unamwangalia pembeni yako: akiachwa huru anapenda gia gani? Mwingine ukiongeza spidi anakwenda chai chai tu, mwingine anaingia kachumbari mwenyewe, mwingine anayumba kama ngamia. Andika kwenye daftari. Hiyo ndo ramani yako ya mwaka mzima.

Wapo wanaoswaga kundi zima huru barabarani, wapanda farasi mbele na nyuma na farasi wasio na tandiko katikati. Ukipata nafasi ya kwenda safari ya namna hiyo nenda, utaona tolti inavyotoka kwa farasi asiye na mtu, kichwa anakiweka anapotaka yeye, mgongo umelegea.

Mwezi wa kwanza mgongoni: tembea mpaka uchoke

Kila mgeni anataka tolti siku ya pili. Tulia. Mwezi wa kwanza ni kutembea nje kwenye njia, mstari ulionyooka, hatua ndefu, shingo chini na mbele. Farasi anayeweza kutembea vizuri, hatua zake nne sawa, mgongo ukibembea chini yako, huyo tolti yake iko mlangoni, kwa sababu kama nilivyosema mpangilio wa miguu ni ule ule.

Kisha matiti. Wengine watakupinga kwamba ukimfundisha matiti ataisahau tolti, mimi sikuona hivo, farasi wa gia tano hasa anahitaji matiti kama dawa kwa sababu yanamfungua mabega na kumfundisha kutenganisha miguu ya upande mmoja. Simama kidogo kwenye vikuku (vile vyuma vya tandiko vya kukanyagia), mpunguzie uzito mgongoni, mwache aende mbele. Ila kama daftari lako linasema huyu haoneshi matiti kabisa, usimlazimishe kwa kumburuta, mpeleke kwenye ardhi laini, kwenye theluji ya wastani au mlima mdogo wa kupanda, yatakuja. Shoti kidogo kidogo kwa njia iliyonyooka, akiomba mwenyewe mpe.

Hapa pia jifunzeni breki, maana yake nusu breki: unakaa imara, unafunga vidole kwenye hatamu pumzi moja, unaachia. Farasi anapunguza bila kusimama na anahamishia uzito nyuma. Ukiwa huna nusu breki, tolti yako itakuwa ya bahati nasibu.

Tolti yenyewe

Chagua barabara ngumu kiasi, ya changarawe iliyoshindiliwa, tambarare, na iwe inaelekea nyumbani. Si utani hiyo ya nyumbani, farasi akirudi zizini ana hamu, na hamu ndo petroli ya tolti.

Tembea kwanza dakika kumi na tano. Halafu ongeza kasi ya kutembea mpaka ufike pale ambapo akiongeza tena kidogo itabidi abadilishe gia. Kaa hapo. Utasikia kama injini inayotaka gia nyingine. Sasa kaa wima, mifupa ya makalio chini, usiegemee nyuma kama uko kwenye kochi (hilo ni kosa la wapandaji wa zamani, walikaa nyuma kwenye figo za farasi miguu imetupwa mbele), nusu breki moja inayoinua shingo kidogo, na hapo hapo miguu yako imbane kumwambia nenda. Vidole vinafungwa, miguu inasema twende, vidole vinaachia. Akichukua hata hatua nne za kachumbari, legeza kila kitu, msifu, rudi kutembea. Hatua nne. Kesho nane. Wiki ijayo ishirini.

Kosa langu mimi lilikuwa kutokuachia. Kulikuwa na jike jeusi, mkali kidogo, nikamtungia mwenyewe jina, Pilipili. Siku ya tatu akanipa tolti ya mita hamsini, nikajiona fundi, nikamshikilia mdomo kichwa juu ili isikatike, nikaenda nayo kilomita nzima. Siku iliyofuata nikafanya tena. Baada ya wiki mbili Pilipili kichwa juu kama twiga, mgongo umezama, na kachumbari imegeuka "kachu... mbari, kachu... mbari", yaani mapigo yamejipanga mawili mawili, miguu ya upande mmoja inakaribia kutua pamoja. Mzee alikuwa anapaka rangi uzio, hata hakuinua kichwa, akasikia tu, akasema mshukie. Kurudisha kule ilituchukua karibu msimu wote na yule farasi hakuwa na kosa lolote.

Huo ndo ugonjwa niliosema. Waisilandi wanauita lull, Wajerumani wanauita mwendo wa nguruwe, na ukiuona unaelewa kwa nini. Unasababishwa na farasi kukaza mgongo, ama kwa hofu, ama kwa uchovu, ama kwa mikono mibaya, na kwa wenye gia tano unakuja haraka sana. Dawa yake:

Acha tolti kabisa wiki kadhaa. Tembea shingo chini. Matiti kwa wingi, kwenye ardhi laini, kupanda kilima. Panga nguzo tano sita chini umpitishe juu yake, atalazimika kuinua kila mguu kivyake. Mpindishe taratibu kushoto na kulia, mwache atembee kimshazari mabega yakiingia ndani kidogo ya mstari, hiyo inamlegeza mbavu. Shoti fupi fupi. Halafu ukirudi kwenye tolti, anza ya polepole sana kutoka kwenye kutembea, na ukisikia tu mapigo yanashikana rudi kutembea kabla hayajashikana kabisa. Usisubiri yaharibike ndo urekebishe.

Yupo na mgonjwa wa upande wa pili, huyu mara nyingi ni wa gia nne, tolti yake inavutwa kwenye matiti, kachumbari inakuwa chai iliyokatika, unahisi kama unadundishwa nyuma ya tandiko. Kwake dawa ni kinyume: barabara ngumu, mteremko mdogo sana wa kushuka, mabadiliko mengi ya kutembea na tolti ya polepole, kutembea na tolti, mara thelathini kwa siku moja, na muda wa kumwinua shingo unakuwa mrefu kidogo. Ndo maana nikasema daftari. Ukimpa mmoja dawa ya mwenzake unammaliza.

Spidi inakuja mwisho. Farasi akishashika kachumbari ya polepole njia nzima bila wewe kumshikilia, ndo ongeza kwenye mstari ulionyooka, hesabu sekunde kumi, rudisha. Kwenye mashindano kuna daraja linaitwa T1 ambalo linataka hicho hasa, tolti ya polepole, kisha kuongeza na kupunguza, kisha ya kasi. Na kuna T2 ambalo ndo kipimo cha ukweli, kuna sehemu unashika hatamu kwa mkono mmoja imelegea kabisa na farasi aendelee vile vile. Hata kama hutashindana maisha yako yote jipime hivo kila wiki: nyoosha mkono mbele, legeza, hesabu hatua kumi. Ikivunjika ujue ilikuwa tolti ya mikono yako, si ya kwake.

Vyuma: mdomoni na miguuni

Mdomoni anza na lijamu rahisi yenye kiungo katikati, na kwa wengi malizia na hiyo hiyo. Kulikuwa na mtindo wa lijamu zenye mikono mirefu ya kukandamiza na upinde wa kumpa ulimi nafasi, zikitumika ili kichwa kikae pazuri mbele ya majaji. Madaktari wa mifugo wakakagua midomo ya farasi kwenye Landsmót ya 2012, yale mashindano makubwa ya taifa yaliyoanza Þingvellir mwaka 1950, wakakuta vidonda kwenye taya la chini, pale ambapo hakuna meno, na vikiambatana sana na hizo lijamu. Baada ya hapo zikapigwa marufuku mashindanoni. Kwa hiyo mtu akikwambia tolti ya farasi wako inahitaji "lijamu yenye nguvu", mwambie arudi hatua ya kutembea.

Miguuni ni hesabu ndogo ndogo. Kiatu kizito au buti la mpira kwenye ukwato wa mbele linamfanya anyanyue na kuchelewesha mguu, na kwa farasi mwenye mwendo wa ngamia gramu chache zinaweza kutenganisha mapigo. Ndo maana kanuni za mashindano zinaweka kikomo, kinga ya mguu isizidi gramu 250. Tumia kama gongo la mgonjwa, la muda, huku misuli inajengeka. Kama miezi sita baadaye bado huwezi kulivua basi hujafanya mazoezi, umefanya uchongaji. Kipindi cha baridi viatu vinapigwa njumu kwa ajili ya barafu, na hapo angalia vidole vyako.

Na wewe unayepanga kwenda Isilandi kujifunza, mfano kozi za Hólar ambapo kuna chuo kikuu chenye digrii ya mambo ya farasi, usibebe hatamu yako wala tandiko lililotumika wala glavu za kupandia. Kule hakuna farasi anayeingizwa kutoka nje, inasimuliwa katazo limeanzia bunge lao la mwaka 982, na hata farasi wa Isilandi akishatoka kwenda kushindana nje harudi tena nyumbani maisha yake. Wamekaa mbali na magonjwa mengi kwa karne nyingi kwa hiyo kinga hawana. Nguo za kupandia zifuliwe kabisa kabla ya safari. Wanakagua na hawana mchezo.

Wiki yetu ilivyokuwa

Kwa farasi wa miaka mitano mwenye tolti inayokua, siku mbili za njia ndefu nje, kutembea na matiti na tolti kidogo. Siku moja ya uwanjani, kupinda na nguzo, dakika ishirini na tano basi. Siku moja kuvutwa pembeni ya farasi mwingine bila mtu. Siku moja ya tolti hasa, hii ndo ya kuelekea nyumbani. Siku mbili hakuna kitu, yuko nje na wenzake anakula upepo. Mvua ikinyesha ya pembeni pembeni kama wanavyoijua wao, utaratibu wote unavunjika na hakuna anayelia.

Uzito wako pia ni sehemu ya mazoezi. Wana nguvu kuliko kimo chao, mtu mzima wa kawaida wanambeba, ila uzito wa kawaida kwa farasi wa miaka kumi si uzito wa kawaida kwa wa miaka minne. Wepesi shambani ndo walipewa vijana, mimi na kilo zangu tisini nikapewa wazee, sikununa.

Skeidhi, kwa wenye gia tano peke yao

Usiiguse mpaka tolti, matiti na shoti zimetengana vizuri, mara nyingi hiyo ni miaka sita saba. Wengi wanaoharakisha wanaishia na farasi asiye na gia yoyote safi, kila mwendo umechanganyika na mwingine kama redio kati ya stesheni mbili.

Tafuta mstari mnyoofu wa mita mia mbili, ardhi imara isiyo ngumu kama lami, na mwenzako mwenye farasi mtulivu aende pembeni ili wako asiingiwe na wazimu. Ingia kwa shoti, shoti iliyonyooka, usimpinde shingo. Akishachanganya, mbano mmoja wa vidole kwenye hatamu, kaa chini kwenye tandiko, na atakapopunguza kuruka ili ajipange mguse kwa miguu yote miwili aende mbele. Ukibahatisha sekunde yenyewe utahisi farasi anashuka chini yako, anakuwa mrefu, kelele za shoti zinakata na unabaki na mlio wa pa, pa, pa, pa na upepo. Usimfanye chochote hapo. Mikono chini, imetulia, uzito katikati, ukiinama upande mmoja tu anavunja. Mita hamsini zinatosha mara ya kwanza. Mpunguze kwa sauti na kwa kukaa, arudi matiti au kutembea kwa utaratibu, usimvute mdomo ghafla kwa sababu siku nyingine atakumbuka kwamba mwisho wa skeidhi ni maumivu na hatakupa tena.

Asipoipata mara ya kwanza jaribu ya pili. Akiikosa ya pili, tembea naye, jaribu wiki ijayo, na si zaidi ya mara moja kwa wiki kwa farasi anayejifunza. Akiipata, hata kama ni hatua kumi tu na mwenzako alikuwa bado hajatoa simu mfukoni kurekodi, usirudie. Shuka hapo hapo, legeza mkanda wa tumbo matundu mawili, vuta vikuku juu visimpige mbavuni, mrudi nyumbani mkitembea kwa miguu wote wawili, kisha mvue kila kitu umwachie agaegae kwenye matope kadri anavyotaka.